Sababu ya Kufungua Faili

Saa sita na nusu mchana taa za ofisi ya kumbukumbu zilizimwa kama kawaida, makarani sita wa hospitali moja ya mji wa Chiayi wakalaza vichwa kwenye mito yao ya mezani, na usingizi ukaanza. Printa ikakohoa.

Kuo Pei-chi aliinua uso, alama za mto shavuni. Saa hii hata printa hulala. Lakini karatasi ilitoka, imelowa ukingoni, ikinuka tope la bwawa.

Faili: Kuo Pei-chi. Aliyefungua: Tsai Wan-ju. Sababu: kurekebisha anwani.

Akaikunja mara nne, akaikalia.

Wan-ju alikuwa mchumba wa mdogo wake, Chun-hung. Mwezi uliopita mama yao, Hung Su-mei, alimnong'oneza Pei-chi jikoni huku akichambua mboga.

"Wewe si unashinda na mafaili ya watu? Mwangalie huyo wifi yako. Nataka wajukuu, sitaki mshangao."

"Mama, nitafukuzwa kazi."

"Utazame tu. Kutazama kunaacha alama?"

Kunaacha. Kompyuta haifungui faili la mgonjwa mpaka karani achague sababu, na Pei-chi alichagua ile isiyokaguliwa na mtu: kurekebisha anwani. Akaona kwamba Wan-ju aliwahi kutibiwa kliniki ya magonjwa ya akili. Akamwambia mama. Mama akawaambia wenzake wa mchezo wa mahjong, na meza ile haijawahi kuwa na mlango. Uchumba ukavunjika. Pikipiki ya Wan-ju ikakutwa kando ya bwawa, mwenyewe akakutwa ndani.

Leo ilikuwa siku ya saba tangu kifo chake, siku ambayo marehemu hurudi kuangalia kwao. Huyu hakurudi kwao.

Na kulikuwa na jambo ambalo Pei-chi hakumwambia mama wala mtu yeyote. Yeye mwenyewe alikuwa mgonjwa wa kliniki ileile, mwaka wa nane sasa, dawa akizificha kwenye kopo la chai.

Kesho yake mchana alimwita Bwana Yeh, fundi wa kompyuta, ambaye tumbo lake humtangulia kila mlangoni.

"Dada Pei-chi, mzuka wa nini? Tatizo ni hili hapa," Yeh alinong'ona asiwaamshe waliolala. Alishika mfuko wa kijani wa bisi za nazi uliokaa juu ya mtambo, kama kila ofisi inavyouweka ili mashine ziwe na adabu. "Umepitwa na muda. Mashine imenuna, na mimi ningenuna."

Akauchana. Hapakuwa na bisi ndani. Maji meusi yalimwagika viatuni mwake, mengi kuliko mfuko ule ungeweza kubeba, yakaendelea kumwagika na harufu ya tope ikajaa chumba, na katika giza lile, hakuna karani aliyestuka, vitufe vya kompyuta ya Pei-chi vikaanza kubonyea vyenyewe, taratibu, kila kimoja kikiacha tone, mtaa wake ukafutika kwenye skrini, nyumba yake ikafutika, mpaka mahali pa anwani pakabaki neno moja: bwawani.

"Dada," Yeh alisema polepole, "mimi nilikuwa naomba likizo."

Jioni Pei-chi alipeleka shati lake kwa bibi wa hekaluni, anayepitisha ubani juu ya nguo za walioshikwa na hofu. Moshi ukakataa kupanda.

"Huyu hafukuziki. Anataka ulichochukua."

"Nilisoma tu, bibi."

"Ulisoma, ukakitoa nje. Kamwambie mdogo wako ulikitoa wapi. Kwa mdomo wako, kabla mwenzio hajasema kwa wake."

Pei-chi akafikiria kazi. Akafikiria macho ya Chun-hung. Akaona ni nafuu amchomee marehemu kompyuta ya karatasi, kama wafu wanavyopelekewa zawadi kwa moto, ya bei ya juu, yenye printa yake. Printa ya ofisini ikanyamaza siku tatu.

Siku ya nne mama alikuja kupimwa macho, Chun-hung akimshika mkono. Wakaketi chini ya ubao unaoita wagonjwa, ambapo jina la katikati la kila mtu huwekewa duara, asijulikane.

"Kazi nzuri hii, mwanangu," mama alisema. "Hata majina mnayafunika."

Chun-hung alikuwa amekonda. "Dada, nani alimwambia mama habari za Wan-ju?"

Harufu ya tope ikampata Pei-chi kooni. Neno lilikuwa pale pale, ulimini.

"Watu," akasema.

Kengele ya ubao ikalia. Kuo, duara, Chi. Kisha duara likapanuka taratibu kama mdomo, likalitema Pei katikati: Kuo Pei-chi, kliniki ya magonjwa ya akili, mwaka wa nane. Chini yake: faili la Tsai Wan-ju lilifunguliwa na Kuo Pei-chi, sababu, kurekebisha anwani.

Chun-hung alisoma mara mbili. Kisha akamgeukia dada yake, akauachia mkono wa mama.

"Kuna Pei-chi mwingine hapa?" mama alinong'ona.

Kengele ikalia tena. Jina lililofuata lilianza na Hung, ukoo wa mama, na mama, ambaye magoti hayajamruhusu kusimama haraka kwa miaka kumi, alikuwa tayari juu ya kiti, akiuziba ubao kwa mkoba wake.