Luteni wa Ngao ya Anga

Harufu ya chuma kinachochomelewa iliingia sebuleni kwa Sixbert mchana wa jua kali, na mtaa mzima ule wa Unyambwa hauna fundi wa kuchomelea. Eliana, mkewe, aliinua kichwa kutoka kwenye cherehani yake pale kwenye kona ya sebule, akanusa, akasema labda kuna waya unaungua. Alizunguka nyumba akigusa soketi moja moja. Zote zilikuwa baridi. Tena umeme wenyewe ulikuwa umekatika tangu asubuhi.

Sixbert hakunyanyuka. Hakuwa mtu wa kunyanyuka kwa mambo madogo kama nyumba kuungua. Alikuwa amelala chali kwenye kochi, simu juu ya kifua, yuko kazini. Na kazi yenyewe, tafadhali msicheke, ilikuwa ukapteni.

Kuna watu wanaocheza mchezo wa kuandika. Wanaunda kundi kwenye simu, wanabuni chombo kinachosafiri kati ya nyota miaka mia mbili au tatu ijayo, na kila mmoja anajichagulia mtu wa kumwigiza: huyu rubani, yule daktari, yule fundi wa mitambo. Kisha wanaandika hadithi moja kwa pamoja, kila mtu na kipande chake, halafu anawasubiri wenzake wajibu. Ni mchezo mzuri kwa watu wenye adabu. Sharti lake kubwa ni kwamba hakuna kumwandikia mwenzako. Unaweza kuandika kuwa umemrushia mtu ngumi, lakini kama imempata au ameikwepa, hilo ataliandika mwenyewe.

Sixbert alijiunga kwanza na kundi la vijana wa Dodoma, wakamfukuza kwa sharti hilo hilo. Kusubiri kulimshinda. Mtu akichelewa kidogo tu, labda yuko shambani anavuna alizeti, Sixbert anamwandikia, na kila aliyeandikwa na Sixbert hujikuta anamsifu Sixbert. Alipofukuzwa alisema wale watoto hawana upeo. Akaanzisha kundi lake, akaliita Ngao ya Anga, akanakili sheria zile zile za Dodoma, akajipa cheo cha Kapteni Mkuu. Kapteni Mkuu, jamani! Mtu ambaye mnyororo wa baiskeli ukichomoka anamwita mkewe aje aurudishe.

Kazi ya kweli aliwahi kuwa nayo, kwenye duka la kuchapisha karatasi mjini Singida. Aliiacha akidai bosi hamheshimu, na tangu hapo nyumba ikawa inakula kwa cherehani ya Eliana. Lakini Eliana alimpenda. Walikutana Iguguno wakiwa vijana, na yule kijana wa Iguguno alikuwa na utani mwingi na moyo mwepesi, alikuwa akimchekesha mpaka anashika mbavu. Sasa ni mwaka wa pili Eliana anashona huku akimngojea mtu yule arudi kutoka kwenye simu. Hakutaka kingine.

Luteni aliingia kundini siku chache kabla ya harufu ile. Aliandika neno moja tu, "Hodi." Kwenye nyumba yoyote ya Unyambwa mtu akipiga hodi unauliza nani. Hata mtoto mdogo huchungulia kwanza. Sixbert yeye alikuwa na maneno yake tayari, anayabandika bila kutazama kwa kila anayekuja: "Karibu chomboni, jisikie nyumbani." Mahali ambapo wengine wana namba ya simu, kwa mgeni huyu palikuwa patupu. Sixbert aliona, akadhani simu yake imechoka. Alichotaka ni kuwapita wale watoto wa Dodoma kwa wingi wa wanachama.

Mgeni alijiita Luteni Antipasi, na aliandika vizuri mno. Chombo ambacho kapteni alikiacha kama boksi tupu, Luteni alikipa harufu na sauti. Clement, anayefanya kazi stesheni Manyoni na kuigiza fundi wa mitambo, alisema akisoma anasikia chuma kikijikunja. Flora, mwalimu wa Iguguno na rubani wa chombo, alisema hawezi tena kusoma akiwa peke yake ndani. Wote wakawa wanamuulizia Luteni, Luteni leo ameandika nini. Kapteni Mkuu hakuulizwa hata kama amekula.

Mtu mwenye akili angeona jambo. Kwenye kipande kimoja Luteni aliandika kwamba kwenye kona ya chumba cha kapteni kuna kitu kinachotoboa na kurudi, kinatoboa na kurudi, na mwanamke ameinama juu yake. Ilikuwa cherehani ya Eliana, na Eliana juu yake. Sixbert alisoma, akakasirika tu kwamba watu wamekisifia kile kipande kuliko amri zake.

Basi kwa wivu akaandika: "Luteni Antipasi alipiga magoti mbele ya wote, akalia, akamwomba Kapteni Mkuu msamaha."

Clement alituma ujumbe wa sauti papo hapo. "Kapteni, umemwandikia mtu bwana. Hiyo sheria si umeiweka mwenyewe?"

"Mimi ndiye kapteni," akajibu yule mpuuzi.

Jua likafika utosini. Kisha yakaja maneno machache ya Luteni: "Umeniandikia. Basi imeruhusiwa." Na hapo ndipo Eliana aliponusa chuma.

Kesho yake mchana, Luteni aliandika: "Kapteni anainuka." Sixbert, aliyekuwa chali kama kawaida, akainuka. Alicheka kidogo, akadhani ameamua mwenyewe. "Kapteni anakwenda jikoni." Akaenda. Eliana alisikia mfuniko wa jiko ukianguka, akaacha nguo ya mteja chini ya sindano, akakimbilia kule, akamkuta mumewe amechuchumaa mbele ya jiko la mkaa, mkono mzima uko kwenye majivu, anayachota na kuyapeleka mdomoni taratibu, anatafuna, machozi yanamtoka na kuchora mistari kwenye uso ule uliojaa majivu, na macho yake yanamwangalia mkewe yakimwomba amzuie, ila mkono hausikii.

"Sixbert," Eliana alinong'ona. "Sixbert, unakula nini?"

"Siyo mimi," alinong'ona naye. "Nimeandikwa. Eli, nimeandikwa."

Eliana alimfunga mikono kwa mtandio wake, akaichukua simu, akaizima. Ikawaka yenyewe mezani. Alimpigia mchungaji kwa simu yake mwenyewe. Mchungaji alifika, akaomba sana, kisha akaona alama za viatu vikubwa zikijitokeza moja baada ya nyingine kwenye sakafu aliyoideki Eliana, na hakuna mwenye miguu. Akakumbuka kwamba ana kikao.

Ndiyo maana kesho yake akaitwa Alute wa Mungaa. Alute ni mfanyabiashara wa mbuzi, mtu wa hasira za karibu, na kazi ya kutoa majini anaifanya mnada ukiwa umelala. Aliteremka kwenye bodaboda akiwa bado anagombana na mtu kwenye simu juu ya dume moja lenye kikohozi. Alipofika mlangoni akaikata simu katikati ya neno.

"Shikamoo, mzee," Eliana alisema kwa sauti ya chini.

"Marahaba. Nani alimkaribisha huyu?"

Sixbert akaeleza, na hata katika hali ile alieleza kwa kirefu kuhusu cheo chake. Alute alimsikiliza kama anavyomsikiliza mtu anayemuuzia mbuzi mgonjwa.

"Sikiliza, kijana," alisema. "Jini la kuvamia ningelitoa kabla ya jioni. Huyu amepiga hodi, amejibiwa, ameambiwa ajisikie nyumbani. Amekaa kwa adabu mpaka ulipovunja sheria wewe. Mimi nimfukuze kwa kosa gani?"

"Kwa hiyo?" Eliana aliuliza. "Hakuna njia?"

"Ipo. Mumeo aifunge hadithi kwa mkono wake. Aandike chombo kimetua, watu wote wameshuka, na yeye si kapteni tena. Hapo jini litakuwa halina nyumba, na mimi nitalisindikiza."

Sixbert alishtuka kuliko alivyoshtukia majivu. "Niifunge Ngao ya Anga? Yote?"

"Au ubaki mali yake."

"Mzee, kuna watu wananitegemea mle."

"Nani?" Eliana alimuuliza, na sauti yake ilitetemeka kwa hasira na huruma pamoja. "Sixbert, nani anakutegemea mle? Andika sasa hivi, nikuone. Andika urudi kwangu, mimi nimechoka kukungojea."

Alisema sawa. Aliapa kwa marehemu baba yake. Eliana alimfungua mikono, akampa simu, na kwa kuwa hakuweza kuendelea kumtazama, akaenda kukaa kwenye cherehani yake. Alute alitoka uani kuwasha ubani. Sixbert akaigeuza simu isionekane, akaandika, lakini hakuandika mwisho. Alimuuliza Luteni kwa siri: "Nikikupa mwingine wa kumwandika, utaniacha na chombo changu?"

"Nipe," likajibu.

Na yule bwana, ambaye kwa miaka miwili alilishwa, alivishwa na kubembelezwa na mwanamke aliyekaa hatua chache kutoka kwake, akaandika: "Eliana, mpishi wa chombo, mke mpole na mtiifu, asiyebisha, asiyeuliza swali, anaacha kazi yake, anatabasamu, anaufungua mlango wa nyuma na kumkabidhi Luteni kila alicho nacho." Akatuma. Kisha akaona aibu kidogo, kiasi cha kijiko.

"Eli, nisamehe," alinong'ona. "Ni kwa muda tu. Nitakuandika urudi kwenye sura inayofuata."

Eliana alielewa kabla hajageuka, kwa sababu harufu ilikuwa imezidi ghafla, na upepo wa nje ulikuwa umekata, na kuku walikuwa wamenyamaza, na kwenye sakafu ya saruji nyuma yake kulianza kuja hatua nzito za viatu vya chuma, zisizo na haraka, zikapita kochi, zikapita meza, zikaja mpaka mgongoni kwake zikasimama, na kitu kikainama, akasikia pumzi baridi kwenye shingo yake ikimnusa sikio moja kisha la pili, kama mnunuzi anavyonusa mafuta ya alizeti kabla hajasema neno, na mwili wake wote ukataka kulia, lakini midomo yake haikutabasamu na mguu wake haukutoka kwenye kanyagio la cherehani.

"Wewe ni nani?" aliuliza kwa meno yaliyofungana. "Unatafuta nini kwangu? Nani amekwambia mimi ni wa kukabidhiwa?"

Pumzi ikasita. Jini lilikuwa limetumwa kwa mke mpole, asiyebisha, asiyeuliza swali, na hapa lilikuta mwanamke ameuliza matatu kwa mkupuo. Maskini Sixbert, miaka yote ya ndoa alikuwa hajawahi kumtazama mkewe vya kutosha hata amwandike. Luteni alikuwa mtu wa kufuata maandishi. Hatua zikaondoka mgongoni kwa Eliana zikaanza kutafuta: chumbani milango ya kabati ikafunguka na kufungwa, jikoni mifuniko ya masufuria ikainuliwa mmoja mmoja na kurudishwa mahali pake, chini ya kitanda kitu kikaburuzwa, na Sixbert kwenye kochi alizisikia hatua zile zikimaliza nyumba nzima na kugeuka kuja alipo yeye, ambaye jana aliambiwa ainuke akainuka, akaambiwa ale majivu akala, wala hakuuliza kwa nini.

"Siyo mimi," alisema. "Nimeandika Eliana. Soma vizuri, nimeandika—"

Kisha akatabasamu.

Lilikuwa tabasamu la upole kabisa. Aliiweka simu chini, akanyoosha shati lake, akaenda kwenye mlango wa nyuma, akaufungua wote, akasimama pembeni yake kwa heshima kama anampisha mkubwa. Eliana alimrukia, akamshika mabega, akamtikisa, akamwita majina yote aliyowahi kumwita. Alute aliyekuwa uani na ubani wake alirudi nyuma hatua mbili, akafunika pua kwa kofia, kitu kikampita. Harufu ya chuma ikatoka, ikaenda upande wa mawe makubwa yaliyo nyuma ya mtaa, ikaisha.

"Limetoka," Alute alisema.

"Na yeye?" Eliana alikuwa analia. "Mzee, na yeye?"

Alute aliutazama uso ule uliotabasamu. Akapiga vidole mbele ya macho yake. "Alimpa kila alicho nacho," alisema kwa sauti ya chini. "Hakuwa na vingi, lakini vyote vimekwenda."

Hakukubali kulipwa. Alipanda bodaboda bila kuaga.

Kundi bado lipo. Kapteni Mkuu anaandika kila mchana, anaandika vizuri kupita kiasi, na wanachama wanaongezeka mpaka wale watoto wa Dodoma wameanza kujiunga. Clement peke yake ndiye aliyejitoa. Simu ya Sixbert iko kabatini, haina chaji, haina hata laini. Laini Eliana aliichomoa na kuitumbukiza chooni.

Yeye mwenyewe huamka mapema, anateka maji, anafagia uwanja, anapika mlenda wenye chumvi ya kutosha. Habishi. Haulizi. Wanawake wa Unyambwa hupita wakamsifu, wakamuuliza Eliana amempa nini mwenzetu huyu, nasi tuwape wa kwetu. Eliana huinama kwenye cherehani, maana akijibu atalia mbele za watu. Wakati wa chakula humtengea, wakakaa pamoja, na siku nyingine moyo ukimshinda humwita taratibu, "Sixbert." Naye kwa tabasamu lake zuri hugeuka kutazama nyuma yake, aone ni nani anayeitwa.