Ulimi wa Pili wa Kokubanza

Kokubanza alisikia mtu akimeza mate ndani ya santuri, na kwa wiki nzima aliona haya kumwambia yeyote.

Mumewe, Rutashobya, alikuwa na hoteli ya chakula karibu na gati la Bukoba. Mwaka ule, miaka minane baada ya vita vya Hitla, alinunua gramafoni ili abiria wa meli wakae zaidi. Wimbo uliopendwa kuliko zote ulikuwa wa mapenzi, wa Kiswahili. Mwanamume amesimama nje ya mlango wa mpenzi wake, anaomba kuingia. Mwisho wa kila ubeti anauliza, "Nije?" Gitaa linanyamaza kidogo, na wateja wanaitikia, "Njoo," wakicheka, vinywa vimejaa ndizi na maharage. Kokubanza alisikia kule kumeza katika ukimya ule. Haikuwa sindano kukwaruza. Lilikuwa koo lililojaa mate, koo la mtu aliyenusa chakula.

"Santuri imeingia uchafu," Rutashobya alisema alipoambiwa hatimaye, akaipangusa.

Kisha wimbo ukaanza kurudi kwa lugha nyingine. Wasafiri wa Kampala waliuleta kwa Kiganda, umeimbwa na mwanamke. Fundi cherehani Mhindi wa duka la jirani alikuwa nao kwa Kihindi, una fidla na vigoma vidogo. Mabaharia wa Kisumu wakaja nao kwa Kijaluo. Rutashobya aliupenda muziki kwelikweli. Alizikusanya santuri zote akazipiga moja baada ya nyingine. Waimbaji walikuwa tofauti na ala tofauti, lakini koo lililomeza lilikuwa lile lile, na kila lugha ilipoongezeka lilisikika karibu zaidi.

Mwezi wa kumi na moja, Datius, mpiga gitaa wa Kanazi, akautia wimbo ule katika Kihaya na kuja kuupiga pale hotelini mchana kweupe. Kokubanza alikuwa jikoni akikaanga senene, panzi wa msimu ule. Kiganda hakukijua, Kihindi hakukijua, na Kiswahili chake kilikuwa cha shule. Lakini hii ilikuwa lugha ya mama yake, na swali lilipoulizwa alijibu kabla hajafikiri, polepole, kama mtu anayemjibu mgeni mlangoni: "Ija." Njoo.

Kinywa chake kikajaa mate yasiyo yake. Yalikuwa ya uvuguvugu, mazito, yananuka kambare aliyeozea matopeni, na alipotaka kuyatema kitu kikajinyoosha juu ya ulimi wake, kikaanza kulamba meno yake ya nyuma, jino moja moja, taratibu, kama mpangaji anayekagua vyumba.

Tangu siku ile hakula tena yeye; kitu kile ndicho kilichokula kwa kinywa chake. Kilitaka senene na mabawa yao. Kilitaka maganda, mafuta yaliyoganda chini ya sufuria, inzi waliofia kwenye uji. Na kiliposhiba kiliimba. Kiliimba wimbo ule kwa sauti tamu ambayo Kokubanza, aliyeimba kwaya ya Kilutheri tangu utoto, hakuwahi kuwa nayo, kwa Kiswahili, kwa Kiganda, kwa Kihindi, kwa lugha ambazo hata mabaharia hawakuzitambua, na watu wakafurika hotelini, wakasimama mpaka barabarani, wakipiga makofi, na hakuna aliyeona kwamba machozi ya mwimbaji hayakuendana na wimbo.

Asubuhi moja alimvuta mumewe nyuma ya ghala la kuni, kiganja kimeziba mdomo.

"Ta Rutashobya, kuna kitu kinywani mwangu. Nipeleke Izigo kwa yule mganga, Ma Kemilembe."

"Tusubiri kidogo, Koku. Jumamosi meli inaingia. Watu wanatoka mpaka Muleba kuja kukusikia."

"Jana kilinilambisha masahani ya wateja. Yote."

Rutashobya akatazama kuni. "Niliona," alisema.

Kokubanza hakumwomba tena. Jumatatu alijifunga kanga mdomoni, akapanda basi la Izigo peke yake. Alimuonea kinyaa yule mume zaidi ya kile kilichokuwa kinywani mwake.

Ma Kemilembe alikuwa bibi mwembamba mwenye rozari shingoni na majani makali ya mti mkononi. Alimnusa pumzi, akageuka pembeni kutema.

"Nani alikiita?"

"Mimi, Ma."

"Kwa lugha gani?"

"Kihaya."

"Basi utakifukuza kwa Kihaya. Lakini kwanza tukitie njaa."

Alimpaka kinywa kwa yale majani machungu, akamnyima chakula siku tatu. Ndani ya mashavu yake kitu kiligaagaa, kikamng'ata, kikaomba kwa sauti ya mtoto. Siku ya tatu alasiri bibi akamlaza kifudifudi kitandani, kichwa kikining'inia, na chini yake akaweka chungu chenye senene wa moto wanaotoa harufu. "Sema," alinong'ona. Kokubanza akakiambia kwa lugha ya mama yake kwamba hapa hapana anayekupenda, toka, na koo lake likatanuka mpaka akadhani taya zinaachana, na kikateleza nje, kijivu, kinene kama mkono, hakina macho, kinapapasa hewa kwa ncha yake, kinadondosha ute, kikajimwaga chote chunguni kwa mlio wa kufyonza ambao ulimfanya atapike juu ya mikono yake mwenyewe.

Bibi alifunika chungu, akaziba ukingo kwa mavi ya ng'ombe. "Hakiuawi," alisema. "Kesho jirani yangu Apolinary anakwenda kisiwani Bumbire kuvua. Atakizamisha katikati ya ziwa."

Kokubanza alilala tangu jioni ile mpaka kesho yake alasiri. Alipoamka, Ma Kemilembe alikuwa amekaa kizingitini, mikono mitupu.

"Mumeo alikuja asubuhi. Nilimwacha hapa, nikaenda kumwita Apolinary. Niliporudi hakuwepo. Na chungu hakipo."

Kokubanza alikaa Izigo wiki mbili, akila ndizi na kusikia ladha yake. Kisha akaenda Bukoba, kwa sababu alikuwa bado mke wa mtu.

Hoteli ilijaa. Rutashobya alikuwa amekaa kwenye meza ya katikati, mashavu yamevimba, kidevu kinang'aa kwa mate, anaimba kwa lugha ambayo Kokubanza hakuijua. Kila akipumzika, mkono wake ulizoa mabaki kwenye sahani iliyo karibu. Watu walishangilia. Mmoja alimsogezea mifupa ya samaki.

Kokubanza aliinama sikioni mwake. "Ta Rutashobya. Nikupeleke kwa Ma Kemilembe?"

Macho yake yalimwangalia, mekundu, yamejaa maji. Kichwa kikatikisika: hapana.

Alisubiri kitikisike tena. Hakikutikisika. Hakujua ni nani aliyekataa, naye hakuuliza mara ya pili. Alitoka, akanawa mikono hadi viwikoni kwenye bomba la sokoni, akaanza kutafuta gari la kurudi Izigo.