Pumzi ya Fundi Simu

Saa mbili asubuhi fundi simu alifungua duka, akafuta meza, akainamia lenzi yake. Kipande alichotaka kukiweka kwenye simu kilikuwa kidogo kama punje ya mchanga. Akakishika kwa kibano, akazuia pumzi, kama alivyozoea. Mkono ukatetemeka. Kipande kikaruka, kikapotelea sakafuni.

"Cha tatu hicho wiki hii," alisema mumewe, fundi wa kupaka rangi, aliyepitia kuchukua ufunguo wa nyumbani.

"Wewe nihesabie tu. Huna kazi nyingine."

"Sikuchokozi, mama watoto. Tuuze makava ya simu. Makava hayataki mkono mtulivu."

Miezi minne nyuma, betri ilimlipukia pale mezani. Kidonda cha mkono kilipona. Daktari alimpima, akasema mishipa ni mizima, kilichobaki ni woga. Lakini ufundi ule aliujenga miaka kumi na minne. Kuuacha kulikuwa kama kukatwa mkono.

Jioni alimsimulia jirani yake, nesi wa zahanati.

"Kesho saa kumi njoo zahanati," nesi alisema. "Tunafanya tafakuri ya yoga."

Fundi akacheka. "Mimi? Na mwili huu, na goti hili? Nikikunja miguu sakafuni, shoga, mtaniinua kwa winchi."

"Nani kakuambia ukae sakafuni?"

"Na dini yangu je?"

"Baki nayo. Sisi tunakaa na kupumua."

Kesho yake aliwakuta watu tisa kwenye viti vya plastiki. Alikuwapo dereva wa lori, bibi mwenye mkongojo na mama asiyeona. Mgonjwa mmoja alishiriki akiwa amelala kitandani mwake. Hapakuwa na mkeka wala nguo maalumu.

"Nyayo chini, mikono mapajani," alisema nesi. "Fumba macho ukipenda. Giza likikutisha, yaache wazi. Sasa ifuate pumzi ikiingia na kutoka. Wazo likija, usigombane nalo. Rudi kwenye pumzi."

Fundi alikaza uso. Muda si mrefu akavimba mashavu kama puto.

"Dada, mbona umezuia pumzi?"

"Si ndiyo kutulia? Kazini natulia hivi."

"Huko ni kujikaba koo. Mwili ukikosa hewa unadhani kuna hatari, unazidi kutetemeka. Iache. Haihitaji msaada wako."

Akaiacha. Ikatoka. Akangoja. Ikarudi yenyewe, ya baridi puani, ikapanua kifua, ikatoka tena ikiwa na uvuguvugu. Mlipuko wa betri ukamjia akilini. Akafumbua macho, akatazama nyayo zake, akairudia pumzi. Bado ilikuwapo. Miaka arobaini na moja ilikuwa ikimhudumia, akiwa amelala, akigomba, akijifungua, naye hakuwahi hata kuiangalia. Machozi yakamtoka, na yeye si mtu wa machozi.

"Ndiyo hii tu?" alinong'ona.

"Ndiyo hiyo. Dakika tano kila siku. Si dawa ya kila kitu, na kwa daktari usiache kwenda. Siku ikikuzidi, simama, utembee."

Tangu siku hiyo alikaa dakika tano kila asubuhi kabla ya kuwasha taa ya meza. Mwanzoni mumewe alimchungulia mlangoni. "Fundi, umezimika? Nikuchaji?" Wiki ya tatu aligeuza ndoo tupu ya rangi, akaikalia kando yake, akafumba macho.

Wiki ya sita ililetwa simu iliyokufa kabisa. Fundi aliinama, kipande kikiwa kwenye kibano. Mkono ulianza kutetemeka. Safari hii hakuzuia kitu. Akavuta pumzi, akaitoa polepole, na ilipokuwa ikiishia, mkono ukatulia. Akashusha kibano.

"Kimekaa?" aliuliza mumewe kutoka kwenye ndoo yake, kwa sauti ya chini.

"Kimekaa."

Akabonyeza kitufe. Kioo kikawaka. Wote wawili wakaitazama kama watu ambao hawajawahi kuona simu ikiwaka.