Mjukuu wa Mabruka

Ijumaa asubuhi soko la mbuzi la Nizwa, Oman, halina adabu. Wanunuzi wamekaa duara, wanyama wanazungushwa katikati, kelele mpaka masikio yanaziba. Ghadeer, abaya yake imeshika vumbi, alikuwa akimchagulia baba yake beberu alipomwona kijana mrefu, kanzu mpya ya dishdasha, kofia upande, kasimama palepale wanapopita mbuzi. Beberu akamkumba, kofia ikaruka.

"Sogea, yakhi," Ghadeer akamwambia. "Huku mbuzi hawapigi honi."

"Nimeona," kijana akajibu kwa Kiswahili cha Unguja, kile cha wazee. "Shikamoo, bwana mbuzi."

Ghadeer akacheka mpaka akajiziba kwa shela.

Kijana aliitwa Ishak, mwimba rap na mshairi kutoka Birmingham. Majukwaani kwao alipigania watu weusi wasifutwe katika historia, na kila onyesho alilifungua hivi: "Mimi mjukuu wa Mabruka, mtumwa wa Sur." Bibi huyo, aliyetumikishwa Sur, bandari ya Oman, ndiye aliyemlea na kumfundisha Kiswahili.

Simu zikaanza. "Umekula, habibi?" "Nitakulaje nawe uko mbali?" Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Ishak alipotaka kuposa, Marzouq, baba yake Ghadeer, akamwita binti yake.

"Mtumwa? Mwanangu, tangu turudi Oman kutoka Burundi twaambiwa sisi si Waarabu kamili. Leo niwape na hili? Aseme yeye ni wa kabila la mabwana wa bibi yake. Jina lao si analo kwenye pasipoti? Asiposema, hakuna ndoa."

Ghadeer akapiga simu akilia. "Sema mara moja tu, Ishak. Kwa ajili yangu."

"Kumbe hata wewe unamwonea haya bibi yangu."

"Wallahi, si haya. Naogopa kukukosa."

Ishak akakata. Simu za Ghadeer hakupokea tena. Ghadeer alikonda, chakula kikawa kinampita kama mchanga. Mwishowe ukaja ujumbe: "Nitasema."

Siku ya milka, ndoa inapofungwa, Ghadeer alikaa chumba cha pili, amevaa nguo ya kijani yenye nyuzi za dhahabu, akisikiliza majlisi ya wanaume. Mbele ya sheikh wa kufungisha ndoa, baba akamuuliza Ishak asili yake. Sauti iliyojaza kumbi za Uingereza ikatoka nyembamba.

"Mimi wa kabila lao. Bibi yangu alikuwa binti wa nyumba ile."

Ghadeer akaumia vibaya. Alichokiomba kapewa, na Ishak wake hayumo ndani yake.

Ami yake, Laith, akaja mlangoni na mashahidi. "Ghadeer, umemkubali huyu?" Mwari akinyamaza, kimya chake ndiyo idhini. Ami alikwishageuka kurudi majlisini.

"Simkubali," Ghadeer akasema, majlisi nzima ikasikia. "Huyu wa kabila lile simjui. Nimemkubali mjukuu wa Mabruka, mtumwa wa Sur. Kama hayumo humo, siolewi na mtu."

Wazee wawili wakachukua bakora zao wakatoka. Ishak akasimama, uso umelowa machozi.

"Nimo," akasema, kwa sauti yake mwenyewe.

Marzouq alitazama kahawa iliyokwisha kupoa, kisha mlango waliopitia wale wazee wakitoka.

"Haya, sheikh," akasema. "Umemsikia. Andika."