Wamefuatana Mpaka Darasa la Kijapani

"Unaacha Kijapani? Si wewe ndiye uliyenileta huku?" Kidoti alimaka, katikati ya korido ya chuo.

"Mimi?" Mpenzi wake, Mrefu, akashangaa. "Mimi nilikufuata wewe!"

"Acha utani. Nilijiandikisha kwa sababu nilikuona umekaa pale."

"Nami nilikaa pale nikijua ndiko unakoelekea."

Wakatazamana kama kuku waliomwagiwa maji. Kumbe mapenzi yote yale, hakuna aliyekuwa anakwenda popote!

"Basi tuhamie uhasibu," Mrefu akasema. "Leo ndiyo mwisho wa kuhama. Au hunitaki?"

Kidoti akasogea pembeni. Akampigia simu shangazi yake, aliyemlea.

"Shangazi, sijielewi."

"Kitendawili!"

"Jamani, shangazi! Haya, tega."

"Wawili wanafuatana, wa mbele hayupo."

"Ndiyo sisi hao! Sasa nifanye nini?"

"Mimi nitajuaje? Ninachojua, kila ukiosha vyombo unaziambia sahani habari za treni."

Ni kweli. Mwalimu wao wa Kijapani hakumpangia mtu cha kujifunza. Aliwaambia kila mmoja achague kitu anachokipenda, ajifunze mwenyewe, kisha aje awasimulie wenzake. Mrefu hakuchagua kitu. Kidoti alichagua matangazo ya stesheni za treni za Japani, akayasikiliza mpaka yakamganda ulimini. Nani alimtuma? Hakuna. Hilo ndilo lililozidi kumvuruga.

Simu ikalia mlio wa ujumbe: "Niko kwenye foleni. Unakuja au tuachane?"

Akaenda, akasimama naye kwenye foleni. Wakafika kwenye dirisha la usajili.

"Mnahama wote wawili?" karani akauliza.

"Wote," Mrefu akajibu.

"Yeye peke yake," Kidoti akasema, naye akaishangaa sauti yake.

Mrefu akageuka, macho yamemtoka. "Kwa hiyo unaniacha?"

"Nani kakuacha? Nakupenda, tena sana. Ila Kijapani nakitaka mimi. Sijui kilianza lini, usiniulize."

"Hata mimi sielewi."

"Tutaelewa hukohuko mbele. Jioni njoo unisubiri mlangoni pa darasa, bwana mhasibu."

Mrefu akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeponea chupuchupu.

"Muda wote huo nitakuwa nafanya nini?"

"Hee! Na hilo pia nikupangie mimi?"