Trizah, Landilodi wa Kawangware

"Mwenye ploti ni huyo hapo! Mimi ni mboch tu!"

Aliyesema hivyo ni Mama Nderitu... mwenye ploti mwenyewe! Kidole chake chenye povu la sabuni kilimwelekea Apiyo, mboch wake, yaani mfanyakazi wa nyumbani.

Wanaume watatu wakageuka.

Apiyo akajiangalia. Gauni la kitenge la Mama Nderitu. Viatu vya Mama Nderitu. Mkononi, funguo za vyumba ishirini vya kupangisha.

Hebu niambieni, hapo mngejitetea vipi?

Wacha niwarudishe nyuma kidogo...

Ilikuwa 1996. Nyinyi mnaojiita CEO kwenye bio za mitandaoni na mnalala kwa sofa ya binamu, msidhani ni nyinyi mlianza. Enzi hizo kulikuwa na kadi za salamu. Unanunua kadi dukani, unajaza jina lako, majina ya unaowasalimu na ujumbe, unatuma redioni. Mtangazaji akiisoma, Kenya nzima imekujua.

Na jina la ubatizo nani alilitumia? Fundi wa viatu alikuwa Profesa. Muuza makaa alikuwa Balozi.

Apiyo alikuwa na miaka ishirini na miwili. Siku sita alifua, akapika na kudeki kwa Mama Nderitu huko Kawangware. Jumapili alirudi Laini Saba kwa dadake Sella, chumba kimoja hatua chache kutoka kwa reli. Hapo kitandani ndipo walijaza kadi.

"Andika Apiyo wa Laini Saba," Sella akamwambia.

"Yawa! Nani atamjibu mboch?"

Akaandika: Trizah, Landilodi wa Kawangware.

Siku jina liliposomwa, alikuwa jikoni kwa Mama Nderitu akimenya viazi. Kisu kikamponyoka.

"Trizah ndio nani?" Mama Nderitu akauliza. "Nimezaliwa hii Kawangware. Landilodi wote nawajua."

Apiyo akainamia viazi, akaficha kicheko. Mama Nderitu akamtazama, kisha akakitazama kile kisu sakafuni.

Wiki iliyofuata Trizah akajibiwa. Jeremy, Injinia wa Sarang'ombe!

Barua zikaanza, kupitia sanduku la posta la duka moja. Jeremy alikuwa na mwandiko mzuri na maneno ya upole. Alikuwa na maswali pia.

Mumeo alikufa lini, mpenzi? Ndugu zake hawakusumbui? Hati ya ploti unaiweka wapi, maana siku hizi wezi ni wengi?

Na Apiyo akajibu yote! Maisha yake mwenyewe aliyaona hayatoshi hata nusu ukurasa, kwa hivyo akachukua ya mwajiri wake, aliyekuwa mjane. Mume wangu Gachanja alifariki. Hakuacha ndugu. Hati iko kabatini, chini ya mashuka.

Sella aliposoma barua moja, akaikunja polepole.

"Mwanaume gani huyu? Hajakuuliza hata unapenda kula nini."

"Wivu hiyo, Sella."

"Apiyo, mimi naogopa."

Apiyo akacheka. Alikuwa anapendwa, jamani, kwa mara ya kwanza. Nani angemwambia kitu akasikia?

Kisha Jumatano moja redio ikasema: Jeremy, Injinia wa Sarang'ombe, anamsalimu Trizah, Landilodi wa Kawangware. Ujumbe wake: Jumamosi nitapiga hodi kwenye geti la kijani.

Apiyo akaruka kwa furaha. Kisha akatulia...

Rangi ya geti hakuwa amemwandikia. Wala ploti iko upande gani!

Lakini moyo ukipenda una majibu yake, na wake ukamwambia: amekutafuta kwa sababu anakupenda. Isitoshe, Jumamosi Mama Nderitu alikuwa na mkutano wa akina mama wa kanisa. Nyumba ingekuwa tupu.

Jumamosi asubuhi Mama Nderitu akatoka. Apiyo akaacha nguo zikiwa zimelowekwa kwenye karai, akaingia chumbani kwa Mama Nderitu, akafungua kabati, akavaa gauni na viatu vyake na kubeba funguo.

Asichojua ni kwamba mkutano ulikuwa umeahirishwa. Mama Nderitu akarudi, akakuta nguo zimetelekezwa. Alikuwa mama wa kujifanyia kazi mwenyewe. Akavua viatu, akajifunga leso kuukuu, akaanza kufua huku akinung'unika.

Hodi ikapigwa.

Apiyo akatoka na tabasamu, kitenge kinang'aa. Akamwona Mama Nderitu kwenye karai. Akaona wanaume watatu, mmoja ameshika kitu kirefu kilichofungwa kwa gazeti. Panga.

"Tunamtafuta Trizah, mwenye ploti," akasema wa mbele.

Hapo ndipo kile kidole chenye povu kikanyooshwa.

"Jeremy?" Apiyo akanong'ona.

"Ndiye mimi, landilodi wangu. Tuingie ndani."

Mezani akatoa karatasi. Mkataba wa kuuza ploti, umeshapigwa chapa, umebaki sahihi na kidole cha mjane wa Gachanja.

"Mimi ni housegirl! Haki ya Mungu! Uliza wapangaji!"

Wapangaji wengi walikuwa kazini. Waliokuwepo walikuwa wameshafunga milango.

Jeremy akatoa bahasha mfukoni.

"Barua tisa, Trizah. Zote umeandika ploti ni yako. Sasa leo ndio umekuwa mboch?"

"Nilidanganya! Nilitaka tu unipende..."

Gazeti likafunguliwa. Kile chuma kikawekwa mezani, karibu na vidole vyake.

Apiyo akatia sahihi: Trizah Gachanja. Wakamshika kidole gumba, wakakichovya kwenye wino, wakakikandamiza. Kisha wakaenda moja kwa moja kabatini, chini ya mashuka, wakachukua hati.

Wakitoka, Jeremy akamwangalia Mama Nderitu.

"Na wewe mboch, endelea kufua."

Geti likafungwa. Mama Nderitu akaacha karai, akainuka.

"Mama... ulinisukumia mimi panga," Apiyo akasema, machozi yanamtoka.

"Ngai! Waliposema Trizah nikakumbuka kile kisu na viazi. Nikajua ni wewe umewaita. Ungefanya nini kama ungekuwa mimi?"

Apiyo akautazama wino kwenye kidole chake.

"Alama ile ya kidole si yangu," Mama Nderitu akaendelea. "Na mjane wa Gachanja, yaani mimi, anaitwa Wangoi. Waende nayo hiyo karatasi."

Siku hiyo hiyo akaenda kwa chifu, kisha kwa wakili, bado amejifunga leso. Alama ya kidole ikalinganishwa na yake, ikakataa. Uuzaji ukafutwa, hati ikarudi. Jeremy akakamatwa, akafungwa miaka saba. Watu waliokuwa kortini walisema alipopelekwa jela alipiga kelele moja tu: kwamba atamtafuta Trizah.

Kwa Apiyo, Mama Nderitu alikuwa na maneno machache.

"Umeniuza na umeniokoa, yote siku moja. Sijui nikukumbatie ama nikuchape. Lakini watarudi kumtafuta Trizah, na mimi simtaki hapa kwangu. Panga nguo zako."

Apiyo akarudi Laini Saba. Hakutuma kadi tena maishani mwake.

Nimejuaje haya yote?

Apiyo ni mamangu.

Alinisimulia mwaka jana, tukacheka mpaka tukalia. Na mimi, kwa ujuaji wangu, nikaona ni kitu cha kujivunia. Nikaandika kwenye bio yangu: Mtoto wa Trizah, Landilodi wa Kawangware.

Watu walipenda sana. Emoji za moto, vicheko...

Jana mchana nikapata ujumbe. Akaunti haina picha. Jina ni Injinia tu.

"Sasa, mtoto wa Trizah. Msalimie mama. Mwambie huo mlango wa bluu umemfaa."

Jamani... mlango wetu ni wa bluu kweli, na sijawahi kuupiga picha!

Somo mnalitaka? Hili hapa. Jina unalojipa mbele ya watu usiowajua, kuna mmoja kati yao ataliamini kabisa, kisha atakuja kulidai. Jiite unavyotaka, lakini ujue atakayebisha hodi hatakutafuta wewe halisi. Atamtaka yule uliyemtangaza, na atakayefungua mlango ni wewe.

Mimi bio nimeifuta. Ujumbe nikampelekea mama. Aliusoma mara mbili, akanirudishia simu.

"Nenda hardware," akasema. "Leta rangi. Yoyote, bora isiwe bluu."