Mstaafu Apima Mzigo

Watu walikuwa wamejaa mbele ya lifti ya jengo la maduka, kila mmoja na haraka yake, na lifti yenyewe ilikuwa wazi, taa imewaka, haina mtu hata mmoja ndani. Ilikuwa na vyuma. Mwanamume mwenye ovaroli ya buluu iliyopigwa pasi, jambo ambalo ovaroli chache hulijua, alikuwa akivitoa kwenye kitoroli kimoja kimoja na kuvipanga sakafuni kwa uangalifu kama anayepanga mayai.

Nyuma ya umati alisimama mwanamke mwenye robota la mapazia begani. Gauni lake la zambarau lilimkaa sawasawa kwa sababu alilishona mwenyewe, tepu ya kupimia ilimning'inia shingoni kama mkufu, na madirisha ya ofisi nzima yalikuwa yakimsubiri ghorofa ya saba. Mafundi wenzake walimwita Mkasi, na hawakuwa wanazungumzia kazi yake tu.

"Samahani, kaka," alisema, akipenya hadi mbele. "Vyuma vipande lifti, sisi tupande ngazi?"

"Subiri kidogo, dada. Tunapima mzigo."

"Mzigo ndio huu hapa begani. Upime."

Watu wakacheka. Fundi wa lifti akageuka, akamtazama kuanzia raba nyeupe hadi kwenye tepu, na kwa sababu swali lilikuwa la haki, akalijibu. Alieleza kwamba kila mwaka lifti hujazwa chuma kuzidi uzito ulioandikwa kwenye kibao, ikapandishwa na kushushwa bila watu, na ikishinda ndipo binadamu huruhusiwa. Kama kuna kitu cha kukatika, alisema, kikatike kikiwa kimebeba chuma.

Jibu lilimpendeza Mkasi kuliko alivyotaka kuonyesha. Kwa hiyo akaonyesha kukasirika. Fundi akamwachia mwenzake kitoroli, akalitwaa robota, akatangulia kwenye ngazi. Ghorofa ya tatu alikuwa bado anazungumza. Ghorofa ya tano alikuwa anapumua tu.

"Na wewe umeshapimwa mwaka huu?" Mkasi aliuliza nyuma yake.

Alipofika juu alikuwa ametota jasho, anacheka, na amekwisha kuomba namba ya simu.

Kazini walimwita Mstaafu. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja, hana mvi hata moja, lakini tangu alipoajiriwa alikuwa akizungumzia siku ya kuacha kazi kama wengine wanavyozungumzia harusi. Hakuwa mvivu. Alikuwa mtu aliyeingia kwenye mashimo ya lifti tangu ujana, akatumia mchana wa miaka mingi akiwa na tochi mdomoni, na alitaka siku moja aujue mchana ulivyo. Mshahara wake ulikuwa mdogo, na aliubana mpaka ukatoa kiwanja, na kiwanja kikatoa vyumba vitatu vya kupangisha. Alikusudia kodi ya vyumba hivyo imlishe, mafao yake yakae benki kwa ajili ya uzee wenyewe, naye astaafu kabla magoti hayajamstaafisha.

Mapenzi yao yalikwenda kwa simu. Mkasi alimpigia akiwa juu ya ngazi ya kutundikia mapazia, simu kaibana kwa bega, pini mdomoni. Mstaafu alipokea akiwa ndani ya shimo, sauti yake ikija kama mtu aliyemezwa na pipa.

"Mstaafu wangu, uko wapi?"

"Chini kabisa, mpenzi."

"Basi panda. Nimekukumbuka."

Jumapili ilikuwa yao. Walitembea, walikula kwa Mstaafu au kwa Mkasi, na ilipotimia miezi minane Mstaafu akampa ufunguo wa nyumba yake, vyumba viwili safi vyenye harufu ya sabuni ile ya kuogea ya bei ghali aliyoipenda, anasa yake pekee. Mkasi akaanza kufikiri mambo ambayo alikuwa hajayafikiri kwa muda mrefu. Hakuyasema. Alitaka yasemwe na mwingine.

Kisha mambo yakabadilika.

Kwanza sabuni. Mkasi alikwenda kunawa mikono akakuta kipande cha sabuni ya kufulia. Kisha Mstaafu akaacha kupanda basi, akawa anakuja kwa mguu na viatu vimejaa vumbi. Soda wakagawana chupa moja. Na simu, ambayo zamani ilikuwa haikatiki mpaka mmoja asinzie, sasa ililia mara moja na kunyamaza, ishara kwamba yeye ndiye apigiwe. Alipomuuliza kulikoni, Mstaafu alitabasamu akasema mambo ni mazuri, atamweleza wakati ukifika.

Mkasi alimpelekea habari dada yake mkubwa, ambaye hakuwahi kukosa jibu.

"Kuna mawili," dada alisema kwenye simu. "Ana mwanamke mwingine, au amefukuzwa kazi."

"Mwanamke mwingine gani atakayekubali sabuni ya kufulia?"

"Basi amefukuzwa. Na usimwambie kwamba unajua. Mwanamume akiishiwa, hubaki na shingo yake tu. Usimvunje."

Mkasi hakumvunja. Saa za mchana, wakati alipoamini mwenzake yuko mjini akibisha hodi kutafuta kibarua, alifungua nyumba kwa ufunguo wake. Aliongeza vikombe viwili vya sukari kwenye kopo, akalitikisa lisawazike. Alimimina mafuta kwenye chupa mpaka pale yalipokuwa wiki iliyopita. Mchele aliuongeza kidogo kidogo, wa aina ileile, maana aliichunguza kwanza. Namba ya mita ya umeme aliipiga picha, akawa ananunua umeme kupitia simu yake akiwa kwenye cherehani, na akija anauingiza kwenye mita. Alifanya hivyo kwa karibu miezi mitatu, na hakuna mteja aliyemsikia akilalamika, ingawa kitambaa cha gauni jipya alichokuwa amekitaka kilibaki dukani.

Mstaafu naye alikuwa anashangaa, na mshangao wake ulikuwa mtamu. Aliwaambia wenzake kazini kwamba siri ni nidhamu. Alizisifu balbu zake mpya, akidai hazili umeme bali zinaunusa tu. Alianza kuwashauri watu wenye familia.

Jumapili moja alimwalika Mkasi chakula cha mchana. Alivaa shati jeupe, akatandika kitambaa mezani, na katikati ya meza akaweka kuku mzima wa kuokwa. Mkasi alimtazama yule kuku. Amepata kazi, alijisemea.

"Kaa, mpenzi. Leo nakueleza," Mstaafu alisema, akavuta kiti. "Huyu kuku ametokana na kilichobaki. Miezi mitatu nimeishi kwa kodi ya vyumba peke yake. Mshahara sikuugusa, shilingi haikutoka. Nilikuwa napima mzigo, na lifti imepanda. Kesho napeleka barua ya kuacha kazi."

"Kazi gani?"

"Kazi yangu."

"Una kazi?"

"Nisiwe na kazi kwa nini?" Alicheka. Kisha akaacha kucheka, kwa sababu Mkasi alikuwa ameweka uma chini na anaitazama bahasha ya barua hiyo, iliyokuwa kando ya sahani.

Angeweza kunyamaza. Hilo alilifikiri, na alilifikiri haraka kama mtu anayekata kitambaa cha mteja. Angenyamaza, akaendelea kujaza kopo, na mwanamume huyu angelala mpaka jua likatoka, akiwa na furaha yake. Halafu siku moja yeye angeugua, au wangegombana, na sukari ingekwisha, na kazi ingekuwa imekwenda kwa mtu mwingine.

"Usipeleke," alisema. Akamweleza yote: sukari, mafuta, mchele, umeme. Alieleza akiwa ameinamisha uso, akimalizia na kikombe cha mwisho alichomimina Ijumaa.

Mstaafu alinyanyuka, akaenda jikoni. Ilisikika sauti ya kifuniko cha kopo kikifunguliwa. Aliporudi, uso wake ulikuwa umebadilika.

"Umeniharibia kipimo."

"Nilidhani una njaa."

"Ungeniuliza."

"Nilikuuliza. Ukatabasamu." Mkasi naye alisimama. "Na nikuulize tena leo. Katika miezi yako mitatu, mimi nilikuwa wapi? Umehesabu mchele wa nani? Umepima nyumba ya mtu mmoja, halafu unaniwekea kuku nishangilie."

Mstaafu alisema kitu kuhusu hatua ya kwanza na hatua ya pili, na kadiri alivyoeleza ndivyo ilivyozidi kuwa mbaya. Mkasi aliutoa ufunguo kwenye pochi, akauweka kando ya kuku, ambaye hakuna aliyekuwa amemgusa, akatoka.

Siku zilizofuata simu kutoka kwa Mstaafu ililia sana kwenye meza ya kukatia vitambaa, na haikupokelewa. Safari hii ilikuwa inalia mpaka mwisho, si mara moja na kunyamaza, na hilo Mkasi alilitambua hata kama hakulikubali. Dada yake alipiga kutaka kujua maendeleo, akasimuliwa yote.

"Nielewe vizuri, mdogo wangu," alisema. "Umemwacha mwanamume kwa sababu hajafukuzwa kazi?"

"Nimemwacha kwa sababu mimi simo."

"Umemwambia unataka kuwamo?"

Mkasi alikata simu, kisha akaketi mbele ya cherehani bila kushona.

Kwa upande wake, Mstaafu alikuwa akikirudia kipimo chake, kwa ukaidi. Hakupeleka barua. Aliishi kwa kodi ya vyumba kama zamani, na safari hii kopo halikuwa na malaika. Sukari iliisha. Kisha mafuta. Mwezi ukiwa bado una siku zake, zile balbu za kusifiwa zikazimika, naye akabaki ameketi mezani jioni na mshumaa, ameshindwa vizuri kabisa. Lakini fundi akiona kitu kimekatika hutafuta kilipokatikia, na alipotafuta hakukuta sukari wala umeme. Alikuta ameandaa sahani mbili. Alikuwa anafanya hivyo kila Jumapili, na kila Jumapili alirudisha moja kabatini bila kujiuliza.

Alipiga tena. Labda kwa sababu alichoka, labda kwa sababu ya swali la dada, Mkasi alipokea.

"Uko wapi?" aliuliza, kwa ukali.

"Chini kabisa."

Kisha Mstaafu akamwambia kwamba kesho mchana atakuwa kwenye jengo la maduka, mwaka umetimia, lifti inapimwa tena. Hakumwomba msamaha kwenye simu. Alisema anataka kumwomba akiwa anamwona.

Mkasi alikuja. Hakuwa na robota wala kazi yoyote ghorofa ya saba. Alivaa gauni jipya la rangi ya machungwa, kitambaa kilekile kilichokuwa kimebaki dukani, na tepu aliiacha nyumbani. Umati ulikuwepo, na haraka zake. Mstaafu alikuwa anatoa chuma cha mwisho nje ya lifti. Ovaroli ilikuwa imepigwa pasi, na alinukia ile sabuni yake.

"Imeshinda?" Mkasi aliuliza.

"Hii imeshinda. Yangu ilikatika." Alijifuta mikono. "Nilisema nimeshinda, kumbe kuna mtu juu ananishikia kamba. Halafu nikamgombeza kwa kuishika. Nisamehe."

"Endelea."

"Kodi ya vyumba vitatu haimtoshi mtu mmoja, sembuse wawili. Nitafanya kazi miaka mingine mitatu, nijenge chumba cha nne. Halafu tunapima upya, na safari hii mzigo ni wewe na mimi, na unajua kila kitu. Nikuoe lini?"

"Unaniuliza tarehe kabla sijakubali?"

"Nimekuja kwa kujiamini."

Mkasi alicheka bila kutaka. Kisha akamwambia masharti yake, na aliyasema taratibu ili yasirudiwe. Yeye hastaafu. Mkono wake ukikosa mkasi hauna raha, na atashona mpaka macho yakatae. Mstaafu astaafu akitaka, lakini siku hiyo jiko linakuwa lake, na Mkasi akirudi kutoka kazini akute chakula mezani. Fedha ya mapazia inaingia kwenye hesabu, haijifichi kwenye kopo. Na sabuni ile isiguswe.

"Sabuni ni anasa," Mstaafu alisema.

"Sabuni ni sharti."

"Imepita." Alitia mkono mfukoni, akatoa ufunguo. Mkasi aliupokea na kuufunga mkononi. Kisha akapita mbele yake, akaingia kwenye lifti iliyokuwa bado tupu, akajiegemeza ukutani chini ya kibao cha uzito. Mstaafu akaingia nyuma yake.

Nje, mzee mmoja mwenye mkoba alikuwa amechoka kusubiri. Aliuliza kwa sauti kama lifti hii ni ya watu au ni ya hao wawili.

Mkasi alibonyeza kitufe cha ghorofa ya saba.

"Tuwie radhi, baba," alisema, milango ikianza kujifunga. "Tunapima mzigo."